Mkate Ulipogeuka Mawaridi, Mwenye Njaa Alikula Nini?



Kila tarehe 17 Novemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, na kila mwaka katika vigango vyetu vya Ufipa husimuliwa hadithi ile ile. Elizabeti, mke wa mtawala wa Thuringia, alikuwa akishuka kutoka ngomeni wakati wa baridi kali, amebeba mikate ya maskini ndani ya pindo la vazi lake. Njiani akakutana na mumewe. Mume akauliza, "Umebeba nini?" Mke kwa hofu akajibu kwamba amebeba maua. Vazi likafunuliwa, na tazama, mlikuwa na mawaridi mekundu na meupe yenye harufu nzuri, katikati ya majira ya theluji. Mume akaona haya, waliokuwapo wakamtukuza Mungu, na mhubiri akamalizia kwa kusema kwamba ndivyo Mungu anavyowalinda wenye huruma. Kisha matangazo husomwa.

Nasema waziwazi, maadamu Tume ya Haki na Amani imenipa nafasi katika kijitabu hiki: hadithi hii, kwa namna tunavyoisimulia, inatudhuru. Haitudhuru kwa sababu ina muujiza ndani yake. Mimi ni padre, na kila asubuhi nashika mikononi muujiza mkubwa kuliko mawaridi yote ya Ulaya. Inatudhuru kwa sababu ikifika mwisho mkate haupo tena. Umetoweka. Yamebaki maua, na msikilizaji hukaa akiyastaajabia, asikumbuke habari za wale waliokuwa wakiungoja huo mkate chini ya mlima.

Kwa kweli yupo aliyekumbuka. Katika kigango kimoja cha huku juu, baada ya katekista kuisimulia hadithi kwa ufasaha mwingi, mama mmoja mzee wa WAWATA aliinua mkono akasema, "Baba, na yule mwenye njaa, siku ile alikula nini?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Amelea wajukuu kwa ulezi na maharage katika miaka mibaya, naye anajua kwamba mtoto hali waridi. Tangu siku hiyo sijapata kusikia ufafanuzi bora wa hadithi hiyo, na nimeketi madarasani seminarini kwa miaka mingi.

Fungueni Maandiko Matakatifu mtazame miujiza ya Mungu inaelekea upande gani. Jangwani taifa zima lilikuwa na njaa, ikashuka mana. Kwa mjane wa Sarepta unga haukupungua chomboni wala mafuta hayakukauka. Kana maji yaligeuka divai ili watu wanywe. Kando ya ziwa mikate mitano ya kijana mmoja ililisha wanaume elfu tano, na vikapu kumi na viwili vikabaki. Hata fimbo ya Haruni, tunayosoma habari zake katika kitabu cha Hesabu sura ya 17, ilichipua na kuchanua maua, lakini haikuishia katika maua: ilizaa lozi mbivu. Na usiku ule wa mwisho Bwana wetu alipoutwaa mkate, aliugeuza kuwa Mwili wake, akawapa wale. (Asiniletee mtu habari za mawe ya jangwani. Pale Bwana alikataa kujilisha mwenyewe; hakukataa kuwalisha wengine.) Nionyesheni basi mahali hata pamoja ambapo Mungu alikitwaa chakula cha maskini akakigeuza kuwa kitu cha kutazamwa.

Tena, ndugu zangu, hadithi hii haina makao. Inatembea. Husimuliwa juu ya Elizabeti wa Hungaria, aliyefariki mwaka 1231. Husimuliwa pia juu ya Elizabeti wa Ureno, mjukuu wa dada yake, aliyefariki mwaka 1336, ila huko safari nyingine kilichogeuka maua si mkate bali ni fedha. Husimuliwa juu ya Kasilda wa Toledo, aliyewapelekea chakula wafungwa Wakristo katika magereza ya baba yake, mtawala Mwislamu. Husimuliwa juu ya bruda Mfransisko Didakus wa Alkala, ambaye alikamatwa na mkubwa wake wa konventi akiiba mkate wa jikoni kwa ajili ya wenye njaa. Hata kwa Elizabeti wetu masimulizi hayapatani: hapa anayemkamata ni mume, pale ni baba yake. Mtu mwenye masikio husikia mara moja kwamba hapa pana ngano moja iliyovishwa nguo za watu wengi, jinsi hadithi za sungura zinavyotoka kijiji hiki kwenda kile, zikabadilisha jina la mto tu.

Atakayesema kwamba padre huyu amesoma sana na sasa anawanyang'anya wadogo imani yao, na asome Mtaguso wa Vatikano wa Pili. Katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ibara ya 92, Mababa wa Mtaguso waliagiza kwamba masimulizi ya mateso ya mashahidi na ya maisha ya watakatifu yapatane na ukweli wa historia. Agizo hilo ni la Kanisa lenyewe. Nalo lina heshima kwa wadogo, kwa maana wadogo wanastahili ukweli kuliko wakubwa. Wakubwa huweza kuishi kwa maua.

Sasa ukweli wa Elizabeti ni upi? Tunao, tena umeandikwa mapema. Alizaliwa mwaka 1207, binti wa mfalme. Alipokuwa na umri wa miaka minne alipelekwa Thuringia, nchi iliyo sasa katika Ujerumani, akalelewa katika jumba la mchumba wake. Akaolewa mwaka 1221, akawa mjane mwaka 1227 mumewe alipofariki safarini kwenda vita vya msalaba, na mwenyewe akafa akiwa na miaka 24. Baba Mtakatifu Gregori wa Tisa alimtangaza mtakatifu mwaka 1235, miaka minne tu baada ya kifo chake, wakati watu waliolishwa naye wangali hai. Watumishi wake wanne wa kike walihojiwa, na ushuhuda wao umehifadhiwa. Ndani yake hamna waridi hata moja.

Lakini mna mambo ambayo sijapata kuyasikia yakihubiriwa katika uwanda huu wote. Wanawake hao walishuhudia kwamba bibi yao, akiwa angali mke wa mtawala, alikataa kula chakula chochote mezani ambacho hakujua kimepatikana kwa haki. Aliwauliza wasimamizi: nyama hii imetoka katika mashamba halali ya mume wangu, au imenyang'anywa wakulima kwa kodi ya dhuluma? Divai hii je? Akiambiwa kwamba chakula ni cha dhuluma na kinywaji ni cha halali, siku hiyo alikunywa tu. Akiambiwa kwamba kinywaji ndicho cha dhuluma, alikula tu. Akiambiwa kwamba vyote viwili ni vya haki, alipiga makofi kwa furaha kama mtoto, akawaambia watumishi wake kwamba leo watakula na kunywa. Meza ilijaa, wageni wakubwa wakimtazama, naye alikaa na njaa huku akijifanya anamega mkate ili asimwaibishe mtu. Agizo hilo la dhamiri alipewa na muungamishi wake, Konradi wa Marburg, ambaye katika mambo mengine alikuwa mtu mkali kupita kiasi, hata akamtesa. Siwezi kumsifu mtu huyo. Ila katika hili alisema kweli, na mwanamke yule kijana alilitimiza mbele ya baraza zima la kasri.

Tena, katika njaa kuu ya mwaka 1226, mumewe akiwa safarini Italia kwa mambo ya Kaisari, Elizabeti alifungua maghala ya nchi akawagawia watu nafaka. Hakuificha katika pindo la vazi. Aliyafungua mchana, mbele ya wasimamizi walionuna. Na mavuno yalipokaribia aliwapa wenye nguvu mashati, viatu vya kuwakinga miguu na visiki vya mabua, na mundu mikononi, ili wakavune na kujilisha wenyewe. Na mume je, ambaye katika hadithi ya mawaridi amekuwa askari mlinzi wa ghala? Aliporudi wasimamizi walimkimbilia na mashtaka. Yasimuliwa kwamba aliwajibu wamwache mkewe atoe, mradi ngome zake mbili kuu zisiuzwe. Basi tazameni jinsi ngano ilivyofanya kazi yake: mume mwema imemgeuza dhalimu, mke shujaa imemgeuza mwoga anayesema uongo njiani, na swali la haki imeligeuza harufu nzuri.

Hata yule Elizabeti wa Ureno alipatwa na hayo hayo. Katika miaka ya 1320 jeshi la mumewe, Mfalme Denis, na jeshi la mwanawe Afonso yalisimama uso kwa uso, na malkia huyo akaenda kati yao hadi baba na mwana wakapatana. Alifia safarini, mzee wa miaka sitini na mitano, akienda tena kuzuia vita. Mwanamke wa namna hiyo ndiye msimamizi hasa wa Tume yetu. Ulizeni lakini watu wanajua nini juu yake, nao watawaambieni: maua.

Sasa nirudi kwetu, maana sikuandika haya kwa ajili ya Thuringia.

Mkoa wa Rukwa ni mmoja wa mikoa inayolilisha taifa. Sisi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma tumeitwa ghala la nchi tangu siku za bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, na hata baada ya ruzuku ya mbolea kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkulima wa Ufipa aliendelea kulima. Msimu ukifika malori hupanga foleni, na maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula mjini Sumbawanga hujazwa. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016, mkoa huu huu ulikuwa wa kwanza nchini kwa udumavu: watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni. Utafiti wa mwaka 2022 ulitupata karibu 50 katika kila 100, wakati kwa taifa zima ni 30. Tumeshuka kidogo, na Iringa imetupita; sidhani kwamba mtu atafanya sherehe kwa hilo. Nusu ya watoto tunaowabatiza hawakui kama Muumba alivyokusudia wakue, nao wamelala jirani na magunia.

Mkate umekwenda wapi? Hapa ndipo hadithi ya mawaridi inapotuponza, kwa kuwa imetuzoesha kuona mkate unatoweka bila kuuliza.

Madaktari na wataalamu wa lishe wametueleza sababu nyingi, na sitazirudia zote: ugali mtupu asubuhi na jioni, magonjwa ya kuhara, mama mjamzito anayebeba kuni hadi wiki ya kujifungua. Mimi nataja ile inayoihusu Tume hii, yaani ufunguo wa ghala. Katika kaya nyingi mke hulima, hupalilia, huvuna na kubeba; siku ya kuuza, mume husimama peke yake mbele ya mnunuzi. Maharage yaliyokuwa mboga ya mtoto huuzwa. Karanga huuzwa. Mayai na dagaa huuzwa. Na kwa kuwa mke anajua yatakayotokea, hufanya kile alichofanya Elizabeti wa hadithi: huficha. Debe mbili nyuma ya kihenge, kibuyu cha ulezi kwa jirani, noti kwenye pindo la kanga. Akiulizwa, husema uongo mdogo. Kisha tarehe 17 Novemba huja kanisani, mvua ndiyo kwanza imeanza, jembe lipo mkononi na akiba imeanza kupungua, naye husikia kwamba mtakatifu naye alificha, naye alisema uongo, na Mungu akayasitiri yote kwa maua. Anarudi nyumbani amefarijika. Hakuna kilichobadilika. Hakuna aliyemwuliza mumewe kwa nini nyumbani mwa Mkristo mke afiche chakula cha watoto wao wenyewe.

Enyi akina baba wa UWAKA, hili nawaelekezea ninyi. Msijifiche nyuma ya mila. Wazee wa Ufipa walijua kulisha watu, na ushahidi upo mashambani: ntumba. Mfipa alipolima tuta lake la duara, alipindua majani mabichi pamoja na maua yote ya porini ya msimu wa mvua, akayafukia ndani yaoze. Juu yake wakapanda maharage, na msimu uliofuata tuta likatawanywa ili upandwe ulezi. Wageni waliofika hapa waliandika kwa mshangao juu ya ustadi huo. Basi huku kwetu, kabla padre yeyote hajapanda mlima huu, maua yalikuwa yakigeuka chakula. Na anayetaka kutufundisha kwamba utakatifu ni chakula kugeuka maua, na ajue kwamba amekuja kinyume cha jembe letu.

Nyongeza fupi juu ya jambo hili. Siku hizi mkate unageuzwa mawaridi hata pasipo muujiza. Kando ya Ziwa Naivasha nchini Kenya, na kwa kiasi kidogo kandokando ya Arusha, maji na ardhi nzuri vimekuwa mashamba ya mawaridi, yanayokatwa kwa sehemu kubwa na mikono ya wanawake na kupelekwa Ulaya kwa ndege. Biashara hiyo inalipa mishahara, nami simhukumu anayeitegemea. Nataka tu tuone kwamba waridi si ua lisilo na hatia. Kila mahali linapochanua lina haki ya kuulizwa: shamba hili lilikuwa la nani, na anayelikata anakula nini?

Najua jibu litakalokuja kutoka kwa wapenzi wa Bikira Maria, nao wana haki kulitoa: "Na Guadalupe je?" Katika simulizi lililochapwa kwa lugha ya Kinahuatl mwaka 1649, Bikira Maria alimtokea Juan Diego mwaka 1531 katika kilima cha Tepeyac, Meksiko, miaka kumi tu baada ya Wahispania kuliteka taifa lake. Alimtuma kwa Askofu Zumárraga, na watumishi wa askofu wakamsumbua mlangoni kama watumishi wa wakubwa wanavyowasumbua maskini mpaka leo. Askofu akataka ishara, naye Juan Diego akaleta maua ya Kastilia, yaliyochumwa Desemba katika kilima cha mawe na miiba. Angalieni tofauti, ndugu zangu. Maua yale hayakuficha kitu cha maskini. Yalimfungulia maskini mlango. Mtu asiyesikilizwa akasikilizwa. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Juan Diego mtakatifu mwaka 2002, naye ni mkulima, si malkia. Nipeni muujiza wa maua wa namna hiyo, nitauhubiri hadi sauti inikauke.

Na Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, ambaye sanamu yake yenye mawaridi na msalaba imo katika makanisa mengi? Aliahidi mvua ya mawaridi baada ya kifo chake, na watu humwomba waridi kama wanavyoomba risiti. Wachache wanajua kwamba mmoja wa ndugu zake wa kiroho, aliyemwandikia barua hadi miezi yake ya mwisho, alikuwa Maurice Bellière, ambaye alijiunga na Mapadre Weupe, wale wale walioileta Injili kwetu, akatumwa Nyasaland, jirani zetu wa kusini, iitwayo leo Malawi. Huko aliugua, akarudi kwao, akafa mwaka 1907. Kwa hiyo mawaridi ya Theresia, kama yaliangukia upande wetu wa Afrika, yalimwangukia padre mgonjwa, aliyeshindwa machoni pa watu. Yeye mwenyewe alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1897, naye pia akiwa na miaka 24. Aliteseka sana.

Tena tunao wetu. Adriano Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889, na hapo akawatibu watu hadi kifo chake mwaka 1956. Karema imo katika Jimbo la Mpanda tangu mwaka 2000, lakini daktari yule katekista ni wa sisi sote. Hakuna ngano ya maua juu yake. Kuna wagonjwa waliopona. Watoto wetu wa katekisimu wanajua rangi ya mawaridi ya Thuringia na hawajui jina lake.

Nimefika mahali ambapo nitawaudhi baadhi yenu, nami sina budi.

Kila mmoja wetu ameona sherehe ya harambee ya kanisa. Mgeni rasmi anafika, watoto wa Utoto Mtakatifu wamepangwa mistari miwili, na binti mdogo aliyevaa gauni jeupe anamvika shada la maua shingoni. Siku hizi ni maua ya plastiki, yale yale yanayowekwa altareni mwaka mzima, ambayo vumbi la Julai huyafanya yote kuwa rangi moja. Mgeni anatoa milioni zake, vigelegele vinapigwa. Sasa nauliza swali la Elizabeti: fedha hii imetoka wapi? Mara nyingine imetoka katika jasho la halali, na Mungu ambariki mtoaji. Lakini mara nyingine sisi sote tunajua. Imetoka katika debe lililopigwa nyundo kwa ndani hadi likatuna, linalompunja mkulima kila linapojazwa. Imetoka katika mahindi yaliyonunuliwa yangali mabichi shambani, mwezi Februari, kutoka kwa mjane aliyehitaji ada ya shule, kwa bei ambayo mnunuzi mwenyewe asingethubutu kuitaja mbele ya altare. Wakati wa mavuno mkate wa mjane unachukuliwa. Miezi mitatu baadaye sehemu ndogo yake inaletwa kanisani, nasi tunaugeuza kuwa maua na kumvika shingoni aliyeuchukua. Huo ndio muujiza wa maua wa Ufipa, nao tunautenda kila mwaka bila msaada wa mbinguni.

Mtakatifu Yohane Krisostomo aliwaambia Wakristo wake, zaidi ya miaka elfu moja na mia sita iliyopita, kwamba haifai kumpamba Kristo altareni kwa vikombe vya dhahabu huku tukimwacha mlangoni akifa njaa. Kwanza ashibe, ndipo meza ipambwe kwa kinachobaki. Hakukataza mapambo. Aliweka mpango wa mambo.

Kwa hiyo Tume inaomba hivi. Sikukuu ya Mtakatifu Elizabeti ijayo, katika kila Jumuiya, isisomwe hadithi ya mawaridi. Isimuliwe habari ya meza na maswali yake, na ile ya ghala na mundu. Kisha wanajumuiya waulizane, wake kwa waume wakiwa pamoja na si kwa makundi mawili: nyumbani kwetu ufunguo wa ghala anao nani, na maharage ya mtoto yaliuzwa kwa idhini ya nani? Halmashauri za Walei nazo zisomee watu Dominika hiyo hesabu ya mahindi ya zaka: yaliingia magunia mangapi, yaliliwa mangapi nyumbani kwa mapadre, yaliuzwa mangapi, na wenye njaa walipewa mangapi. Paroko atakayeona ugumu wa kuisoma hesabu hiyo atakuwa ameshajijibu mwenyewe. Na kabla kamati yoyote haijamwandikia mtu barua ya kumwalika kuwa mgeni rasmi, viongozi wa kigango anakonunulia mazao waulizwe kwanza juu ya debe lake.

Fedha iliyokuwa imetengwa kwa maua ya altare ya mwaka huu imenunua mizani ya kilo mia moja na hamsini, iliyopimwa na kupigwa mhuri na Wakala wa Vipimo. Ipo katika stoo ya parokia. Viongozi wa vigango waichukue kwa zamu kuanzia juma la kwanza la Juni, siku mbili kila kigango, na mkulima yeyote, Mkristo au asiye Mkristo, apime gunia lake bure kabla mnunuzi hajafika.